Barua ya Basi la Kurudi

Mshonaji aliyekaa mbele yangu basini hakuwa na simu ya kisasa, bando wala chaja. Jirani yake, fundi simu, alikuwa na simu mbili, modemu ya mfukoni na pawabenki nzito kama tofali. Tangu tuingie milimani, mtandao ulipotea na vyote vilikuwa vimenuna.

“Mama anapasuliwa jicho kesho asubuhi, hospitali ya mjini tulikotoka,” fundi alisema. “Nilimwahidi nitampigia kabla.”

Mshonaji akachomoa karatasi na bahasha mkobani. “Andika. Tunapishana na basi la kurudi hapo juu. Dereva wake hupokea barua, jioni anazifikisha mjini.”

“Shangazi, siku hizi nani anaandika barua?”

“Anayetaka ifike.”

“Na jicho bovu atasomaje?”

“Nesi atamsomea. Kwani modemu yako ingemsomea?”

Nikamwazima fundi kalamu yangu. Mimi niliyejifunza kuandika ukubwani, shule ya jioni, najua karatasi tupu inavyotisha.

“Nianzeje?”

“Anza na ‘Mama’. Mengine yatakuja.”

Aliandika huku mkono wa kushoto ukiinua modemu dirishani.

“Mtandao ukirudi nitampigia tu.”

“Mpigie, mwanangu. Barua haina wivu.”

Basi letu likasimama kando ya lile la kurudi. Fundi akalamba bahasha, akaifunga, akaandika juu jina la mama na la hospitali, akamkabidhi dereva wa basi la kurudi kwa mikono miwili.