Nilisema Wifi Kanilisha Sumu

Ndugu zangu, Bwana asifiwe! Itikieni kama watu waliokula. Mnaonijua pale sokoni Nyabugogo mnaujua mdomo wangu: nauza viazi kwa jumla, nimekulia Karagwe, na nikisema neno lazima soko zima lisikie. Leo nimesimama hapa kwa sababu ya mdomo huohuo.

Mwaka jana nilianza kukonda. Sketi zikawa zinaniteleza kiunoni. Nilikuwa na kiu isiyokatika, na kila saa naenda msalani, hadi wapagazi wakanitania kwamba nimepanga chumba huko. Macho yakaingia ukungu. Nikajikwaa kwenye mzani, kidole cha mguu kikachubuka, kidonda kikakataa kupona.

Kwetu mtu akikonda bila homa, hawasemi anaumwa. Wanasema amelishwa sumu. Nikaanza kuwaza nimekula kwa nani, nikamkumbuka wifi yangu Drocella, dada wa marehemu mume wangu, anayeuza uji wa mtama asubuhi mtaani kwetu Nyamirambo. Tulikuwa tumegombana juu ya kiwanja cha Gahanga, na baada ya ugomvi ule alinipa kikombe cha uji. Basi, nikaunganisha mambo nikaona nimempata. Nikamtaja mbele ya ukoo mzima, kwa sauti hii mnayoisikia. Haikupita wiki, uji wake ukawa unachachia kwenye ndoo. Hakuna aliyethubutu kuununua.

Mimi nikaenda kwa mama mmoja anayetapisha watu sumu. Akaninywesha majani machungu, nikatapika hadi nyongo. Akasema sumu imeanza kutoka, sasa ninywe vitu vitamu nguvu zirudi. Nanyi wanakwaya wenzangu mkaja kunitazama, kila mmoja na soda mkononi, maana kwetu mgonjwa hatembelewi mikono mitupu. Nilizinywa zote. Ndugu zangu, mlikuwa mnaniua kwa upendo, Mungu awabariki!

Ikafika asubuhi nikashindwa kuinuka kitandani. Jirani akaeneza habari kwamba sijafungua mlango. Aliyekuja kuusukuma ni Drocella, yule niliyemwita muuaji. Akanivalisha, akapekua droo akatoa kadi yangu ya mituweli, ile bima ya matibabu, akaita teksi. Ndani ya gari nilimgeuzia uso dirishani, hata kushukuru sikushukuru. Aliniambia neno moja tu: "Wifi, ukitaka kunichukia, nichukie ukiwa mzima."

Pale kituo cha afya, muuguzi hakuniuliza nimekula kwa nani. Aliniuliza nakunywa nini. Nikaanza kuhesabu soda, nikafika mahali nikaona haya. Akanichoma kidole, akaweka tone la damu kwenye kimashine, akanitazama. "Mama, hii siyo sumu," akasema. "Una kisukari, na kimepanda vibaya sana." Hapohapo akanitundikia dripu, gari la wagonjwa likanipeleka hospitali. Nililazwa wiki nzima. Kidonda kilisafishwa kila siku, na kidole nilichoambiwa huenda kikakatwa kimo ndani ya kiatu hiki!

Najua wengine mnangoja niseme kisukari kimeondoka. Sitasema uongo madhabahuni. Kisukari ninacho. Bwana ameniokoa kwa njia aliyoichagua yeye: vidonge asubuhi na jioni, kliniki kila mwezi, kwenda sokoni kwa miguu, na viazi ninavyouza mchana kutwa naonja viwili tu. Mwezi uliopita muuguzi alipopima akakuta sukari imeshuka, alicheka, akawaita wenzake waje wamwone mama wa viazi. Macho yangu yanasoma Biblia tena. Nguvu zimerudi, na kelele zimerudi, waulizeni wapagazi. Shetani ameshindwa!

Kwa hiyo wewe uliyekaa hapo na kiu isiyokwisha, unayekonda huku unamtafuta mchawi miongoni mwa ndugu zako, mwamini Mungu, na kesho uende ukachomwe kidole. Vyote viwili. Ukiogopa nifuate sokoni, nitakusindikiza mwenyewe.

Mimi nimefunguliwa, ila yuko mtu niliyemfunga na bado hajafunguliwa. Drocella amekaa pale benchi la nyuma. Hadi leo kuna watu humu ndani wanapita mbele ya ndoo yake kama hawaioni. Nilimchafua mbele ya watu, siwezi kumwomba msamaha jikoni. Wifi yangu, hukunilisha kitu. Ulikuwa na haki ya kuniacha nife na ukanibeba. Nisamehe, mbele ya kanisa lote.

Ndugu zangu, nimemwomba aje na uji wake, uko hapo mlangoni. Mnajua desturi yetu: anayekukaribisha kinywaji hukionja kwanza yeye, ili ujue ni salama. Leo Drocella haonji. Nimiminieni mimi, kikombe kikubwa, bila sukari, na wanaonipenda wapange foleni nyuma yangu.