Maisha na Ushindi wa Mama Iliki

Shangazi yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Iliki, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika chumba cha nyuma cha duka la viungo la baba yake. Alikuwa kitinda mimba, na inasemekana alilia mfululizo hadi alipolazwa juu ya gunia la iliki. Habari hii aliisimulia mwenyewe, kwa hiyo ushahidi ni wa upande mmoja.

Alisoma shule ya msingi mtaa uleule, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1972 akapata stashahada ya kemia katika chuo cha ufundi. Ripoti yake ya mwisho ilisema ana uwezo mkubwa na hakubali kushindwa. Mwalimu aliyaandika hayo kama lawama.

Mwaka uliofuata aliajiriwa katika kiwanda cha jin, ile pombe kali isiyo na rangi, kwenye chumba cha viungo. Humo mlikuwa na mizani, magunia ya matunda makavu ya mreteni, ambayo ndiyo yanayoipa jin harufu yake, mbegu za giligilani, mizizi ya anjelika yenye harufu ya udongo uliolowa, na ndoo za malimau aliyopaswa kuyamenya bila kugusa ule utando mweupe, maana ndio unaoleta uchungu. Alionja kila mpiko na kuutema, maisha yake yote. Wajomba wawili katika ukoo hawakuwahi kumsamehe.

Siku hizo jin ya kiwanda ilinukia kama kabati jipya. Marehemu aliamini dawa yake ni iliki, kiasi kidogo tu cha kuulainisha mreteni. Mkuu wa mitambo, kijana mwenye suruali iliyonyooka na msimamo ulionyooka zaidi, alimwambia, "Dada, hapa tunapika jin. Iliki peleka kwenye chai."

"Na limau je, bosi? Hilo halijawahi kuonekana kwenye chai?"

Walioana tarehe 17 Desemba 1977. Ndoa haikumaliza ubishi, iliuhamishia nyumbani.

Mwaka 1984 mauzo yalishuka hadi kiwanda kikawa karibu kufungwa. Mwenye mali akaagiza mipiko mipya ionjwe kwenye glasi zisizo na alama. Mkuu wa mitambo alionja zote, akairudia moja, akaitua mezani.

"Hii ndiyo yangu. Mnaona? Haina vikorokoro."

Ilikuwa ya mkewe, na iliki ilikuwamo. Chumba kizima kikapata jambo la kutazama dirishani.

Jin hiyo ilikiokoa kiwanda, na inapikwa vilevile hadi leo. Mumewe alikubali kila kitu isipokuwa hoja. Kwa karibu miaka arobaini alishikilia kwamba siri ilikuwa umenyaji wa malimau. Jirani mmoja alipokumbusha kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani, marehemu alimjibu, "Huyu si mshindani, ni mume." Watoto wao walikua wakijua iliki haitajwi mezani, kama nyumba nyingine zinavyoepuka siasa. Marehemu hakutaka cheo wala zawadi. Alitaka amsikie mumewe akisema kwamba ilikuwa iliki.

Mwishoni mwa mwaka 2023 aliugua mapafu. Pua ilimwacha kabla ya miguu, na hilo ndilo lililomuuma. Mume alimletea wodini chupa ya jin yao na punje ya iliki. Akaipasua, akamsogezea. Hakusikia harufu yoyote.

"Basi ninusie wewe," alisema. "Inafanya nini humo ndani?"

Mzee akanusa punje, kisha akanusa chupa.

"Mreteni unagonga mlango," alisema. "Hii ndiyo inayoufungua. Nilikosea, mama watoto."

"Sema kwa sauti, nesi asikie."

Akarudia kwa sauti. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaitikia, "Tumesikia, mzee."

Marehemu alicheka hadi wakamwekea oksijeni. Alifariki asubuhi ya tarehe 14 Februari 2024, akiwa na uso wa mtu aliyeshinda rufaa.

Ameacha dada yake mkubwa, watoto watatu, wajukuu, sisi watoto wa kaka yake, na mume, ambaye ameomba maneno yafuatayo yachapwe hapa ili yasibishaniwe tena: ilikuwa iliki.

Apumzike kwa amani, kama wapumzikavyo washindi.