Opera ya MaBhele Haijaisha

Benchi lenyewe ni la kanisani, refu, lililookolewa siku ukumbi wa zamani ulipobomolewa, na sasa limeegemea ukuta wa nyumba ya Jaji pale kona, New Brighton, mahali ambapo upepo wa mji wa Gqeberha haukupati sawasawa. Jumamosi asubuhi hukaa pale masalia ya iliyokuwa kwaya ya kiwandani. Yupo Jaji, ambaye hajawahi kuwa jaji wa kitu chochote, ila mwaka fulani alimshikia mwavuli mwamuzi wa mashindano ya kwaya, basi jina likamganda. Yupo Besi, mwenye sauti nzito kiasi kwamba akikusalimu unadhani umemkosea. Na yupo Redio, ambaye hana kitufe cha kuzimia. Kahawa ya chikori huchemka kwenye birika la enameli, magwinya, yale maandazi ya kukaanga, hufunikwa kitambaa yakiwa ya moto, na mdomo ni mali ya mwenyewe. Jumamosi hiyo alikuja pia MaBhele, mtunzi wao wa nyimbo wa siku zile, akakaa mwisho wa benchi, simu mapajani.

Alikuwa na lake. Kuna mfuko kule Johannesburg unaowapa fedha wanawake wanaotunga opera mpya, ile michezo inayoimbwa mwanzo mwisho. MaBhele aliwapelekea sehemu mbili za opera yake, kazi aliyoifanyia kwenye meza ya jikoni, kwa zile do-re-mi za herufi walizosomea wote kwaya, na wale watu zikawaingia. Leo, kabla ya saa sita, binti wa mfuko aitwaye Refilwe angepiga kutaka jibu. Akisema ndiyo, atapewa fedha, waimbaji na nafasi ya kufanya kazi, na yeye ataahidi sehemu ya tatu. Akisema hapana, wapo wengine wanaongoja. Tatizo ni kwamba sehemu ya tatu haikuwapo. Si kwamba ilikuwa mbaya; haikuwapo kabisa, hata nota moja, na hilo hakuwa amemwambia mtu. Nyumbani kulikuwa kimya mno, akaona afadhali angojee simu penye kelele.

Kelele alizikuta.

— Usikubali haraka haraka, MaBhele, Redio alisema huku akimmiminia kahawa. Hakuna mtu anayetoa hela kwa ajili ya nyimbo. Nyimbo! Hela ya nyimbo labda umtunze mwimbaji wa harusini, tena ukiwa umelewa.

— Sasa wao wanataka nini? aliuliza Besi.

— Sauti. Wanazirekodi, wanaziuza kwenye masimu. Unampigia mtu, badala ya kusikia kriii, unamsikia MaBhele analia.

— Acha kamba wewe.

— Kamba? Shemeji yangu simu yake inalia kama kuku. Unadhani yule kuku alilipwa?

— Hamjui kitu nyie, alisema Jaji, akaweka kikombe chini kama mtu anayetaka kusoma hukumu. Jiulizeni kwanza, kwa nini wanawake tu?

— Kwa sababu wanawake hawapewi, alisema MaBhele.

— Tulia, dada, nakufafanulia. Sisi hapa tumeimba kwaya za opera kwenye mashindano mpaka magoti yakaota sugu. Nitajieni opera moja ambayo mwanamke amefika mwisho akiwa mzima.

Wakafikiri.

— Kuna yule wa kifua kikuu, alisema Besi.

— Huyo si amekufa!

— Ndiyo, nilikuwa nahesabu waliokufa.

— Kifua kikuu, kisu, sumu, mwingine anajirusha kutoka ukutani. Wote wametungwa na wanaume. Sasa akina mama wamechoka kufa, wamekaa wakachangishana, wakaunda mfuko. Hizi ni hela za kisasi, mabwana. Kuanzia sasa tunakufa sisi.

— Sisi wote?

— Tenori kwanza.

— Besi hawafi, alisema Besi. Besi huwa mfalme, au padri.

— Wewe ndiye watakayefungua naye.

MaBhele alicheka. Alikuwa hajacheka wiki nzima, na kicheko kilimtoka kikavu, akakifuatishia kahawa.

— Haya, ya kwako, dada, Redio alimgeukia. Nani anakufa?

— Mwanamume. Mwisho wa sehemu ya pili.

Benchi zima lililipuka kwa vishindo. Jaji alisimama akainua mikono kama mtu aliyefunga goli.

— Si nimesema! Si nimesema mimi! Anakufaje? Anapigwa kisu?

— Anarudi kutoka zamu kiwandani. Anakaa kitandani avue viatu. Basi.

Jaji alikaa. Hakuna aliyehitaji kuambiwa, maana ndivyo alivyokufa Mzimasi, mume wa MaBhele, tenori wao, na ni Besi na Jaji waliobeba jeneza kwa mbele.

— Ni opera tu, alisema MaBhele.

— Ndiyo, ni opera, alisema Besi.

— Na huo wimbo wake wa mwisho, Jaji aliuliza taratibu. Anapanda?

Swali hilo lingemshangaza mtu mwingine yeyote. Kwaya yao iliimba bila kinanda. Mwamuzi alipuliza kifilimbi cha kutolea sauti mwanzoni, na wimbo ukiisha alikipuliza tena. Mkiwa mmehama, mmekwisha. Mzimasi alikuwa na ugonjwa mmoja. Wimbo ukimkolea alipanda, kidogo kidogo, na kwa kuwa alipendeza kumsikiliza, kwaya nzima ilimfuata huko juu bila kujua. Hivyo ndivyo walivyokosa kikombe cha jimbo, na Jaji hadi leo hajasamehe.

— Anapanda, alisema MaBhele. Nimeandika vilevile. Anaanza pake, anamaliza nusu sauti juu.

— Umeandika kosa!

— Wale wa mfuko wanasema ndipo mahali pazuri kuliko pote.

— Sasa walikuwa wapi mwaka ule? alifoka Besi. Si wangekuja wao kuamua? Kikombe kingekuwa hapa, tunakinywea kahawa!

Wakacheka tena, na MaBhele akacheka nao, lakini moyoni alimtamani Mzimasi kwa namna iliyomtia hasira. Amtamani leo, hapa, mbele ya watu, akiwa na unga wa gwinya kidevuni! Alitazama simu. Ilikuwa imekaa kimya tu kama sahani.

Redio hakupenda majonzi kijiweni, akaamua kuyafukuza.

— Mimi nimeshawagundua, alisema. Opera ni nini? Nijibuni. Opera ni kukaa gizani saa tatu, umenyamaza, tena umelipa. Sasa nani katika nchi hii anataka watu wajifunze kukaa gizani bila kulalamika?

— Weee!

— Wakubwa wa umeme! Hizo hela zinatoka kwao. Wanaanza na opera moja, umeme unakatika, watu wanapiga makofi. Mwakani nchi nzima iko gizani, tumevaa suti, tunapiga makofi.

— Redio, wewe ulipozaliwa mkunga alikudondosha, alisema Jaji.

— Alinidondosha kwa sababu ya giza!

Wakati huo akatoka uani Yamikani, futi ya kitambaa shingoni na kikombe mkononi. Ni Mmalawi, fundi cherehani, ndiyo kwanza amehamia chumba cha nyuma kwa Jaji. Aliwaamkia wote mmoja mmoja kwa adabu, mpaka benchi likaona haya kwa kelele zake, akakaa pembeni. Jaji alimpa habari kwa kirefu, mfuko, opera, kisasi, jamaa aliyekufa akivua viatu. Yamikani alisikiliza mpaka mwisho.

— Poleni, alisema. Sasa mama, huyo bwana amekufa sehemu ya pili. Sehemu ya tatu nani anaimba?

MaBhele alifungua kinywa, lakini Redio alimwahi.

— Mkewe! Nani mwingine?

— Wapi bwana, alisema Jaji. Mkewe ni mjane. Mjane haimbi.

— Haimbi? Yamikani aliuliza.

— Kwetu mjane anavaa nyeusi mwaka mzima. Hapazi sauti, hasimami kwenye kwaya, hata salamu anaitoa chini chini. Umuone mjane amenyoosha shingo anaimba mbele za watu? Watu watatoka ukumbini.

— Na mwaka ukiisha?

— Nguo zinachomwa, alisema Besi. Halafu kuna jambo letu sisi, la kwaya yetu, hulikuti kwingine. Jumamosi inayofuata, asubuhi, kwaya inakwenda mlangoni kwake. Inasimama nje, inamwimbia. Yeye yuko ndani. Akijibu kutoka ndani, basi, amerudi. Tunaingia.

— Tunakula, aliongeza Redio.

— Ni jambo zuri, alisema Yamikani. Kwa hiyo mpaka wamfuate, haimbi hata kidogo?

— Aanzeje? Ajiimbie mwenyewe kama kichaa?

Yamikani alikoroga sukari yake. Alikuwa anauliza tu, kama mgeni anavyouliza njia.

— Na kwaya isipokwenda?

Redio alijaza gwinya mdomoni. Besi aliinama akaanza kufunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa. Jaji alitazama barabarani, ambako hakukuwa na mtu.

Nguo nyeusi za MaBhele zilichomwa mwezi wa tisa, sasa imeshapita miaka mitatu. Jumamosi ile ya kuimbiwa mlangoni aliamka kukiwa na umande, akafagia mpaka barabarani, akachemsha sufuria kubwa la mahindi na maharage, la watu wa kwaya nzima. Alivaa gauni la kijani. Aliweka kiti nyuma ya mlango akakaa, koo amelilainisha kwa maji ya moto, maana mwaka mzima hakulitumia. Alisikia watu wakipita. Kila viatu vilipokaribia alisimama. Mchana chakula kiliganda juu, akakaa bado. Jumamosi iliyofuata alipika tena, kidogo. Ya tatu hakupika.

Na wao, tuseme ukweli, hawakuwa watu wabaya. Jaji na Besi walikuwa wamegombania uongozi wa kwaya siku hizo, hawasemezani, na kila mmoja alijua kwa hakika kuwa mwenzake ndiye amewapeleka watu kwa MaBhele. Redio alidhani walikwenda na yeye hakuambiwa, akanuna. Walipopatana, kwaya ilikuwa imeshasambaratika, kukabaki benchi. Walimwona MaBhele dukani, wakasalimiana vizuri. Yeye hakusema, maana hilo ni jambo la kufanyiwa, si la kuomba. Akajifungia na karatasi zake akamtungia mumewe nyimbo, sehemu ya kwanza, sehemu ya pili, akamuua vizuri, na mjane akabaki kitandani kando ya viatu, hana pa kwenda.

— Wewe si ulikwenda? Besi alimuuliza Jaji, kwa ile sauti yake, safari hii kama inatoka chini ya kitanda.

— Mimi? Ulikwenda wewe. Ulikuwa na watu wewe.

— Sikwenda.

— Hukwenda?

— Nilijua umekwenda wewe.

Jaji aligeuka kwa Redio. Redio alitikisa kichwa. Wote watatu wakawa wanaogopa kutazama mwisho wa benchi. Yamikani, ambaye hakujua amefanya nini, alijua amefanya kitu, akanyanyuka.

— Samahani, mama. Nimeuliza vibaya.

— Hujauliza vibaya, mwanangu. Kaa.

Jaji alichukua birika amimine, ili mikono ipate kazi. Yalitoka matone mawili, na machicha.

— Kahawa imeisha, alisema.

Hapo simu ikalia. MaBhele aliiacha kidogo mapajani, akaifuta kwa pindo la sweta, akapokea.

— Haloo, Refilwe mwanangu. Mzima? Sisi wazima. Upepo tu.

Simu yake ilikuwa ya sauti kubwa, ya mtu anayeishi peke yake na asiye na wa kumficha neno, hivyo benchi zima lilimsikia yule binti akimtakia heri na kumuuliza kama amefikia uamuzi.

— Nimeamua. Ndiyo. Nakubali.

Binti alifurahi, akashukuru, akauliza kwa upole sehemu ya tatu itakuwaje, japo kwa maneno machache, wanahitaji kuandika chochote.

— Ni Jumamosi, alisema MaBhele. Ameshavua nyeusi. Amepika, amefagia, amekaa nyuma ya mlango anangoja wamfuate.

Alikuwa hajui kinachofuata mpaka alipokisikia mwenyewe kikitoka.

— Wanapita tu. Hawaji. Sasa chakula kimepoa, basi anasimama, anaanza. Hapana, hakuna anayempa sauti. Anaanza popote. Anaweza akawa amekosea. Anaendelea.

Kalamu ya Refilwe ilisikika ikikwaruza kule Johannesburg.

— Ni nzuri sana, mama. Basi nisaidie jambo moja la bajeti tu, nimalize. Hao waimbaji. Sehemu ya tatu, kwaya iwe ya watu wangapi?

MaBhele aliinua macho akawatazama. Besi alikuwa amevua kofia. Jaji alishika birika tupu kwa mikono miwili. Redio alikuwa ameegemea mbele, shingo imemtoka, na midomo ilikuwa inacheza kama mtu anayetaka kuitika jina lake.

— Sehemu ya tatu haina kwaya, mwanangu, alisema.