Jiwe la Shoto

Nyuma ya stesheni ya Kilosa, pale ukuta wa ghala la mkonge ulipoanza kutoa kivuli baada ya saa tisa, palikuwa na benchi la mataruma mawili ya chuma ya reli yaliyolazwa juu ya matofali. Mchana chuma kilichoma, kwa hiyo hakuna aliyeketi kabla jua halijageuka. Kondo akija na birika lake la kahawa, akigonganisha vikombe, kila mmoja alikwenda kwenye nafasi yake bila kuelekezwa: Mzee Mathias, aliyeitwa Signali kwa kuwa alistaafu kazi ya kupunga bendera za reli, upande wa ukutani, Beda, aliyelisha majani kwenye korona, mashine ya kutoa nyuzi za mkonge, na kuitwa Gazeti, katikati, na mwishoni kabisa Lupakisyo, mkata mkonge kutoka Rungwe, ambaye hata nyapara wake alimwita Shoto. Ilikuwa miaka ile ya Mwingereza mkonge ulipopanda bei, na Kilosa nzima ikapanda mdomo.

Nafasi ya mwishoni haikuwa ya bahati. Kwingine kokote Lupakisyo angempiga mwenzake kiwiko kila aliponyanyua kikombe. Tena mwezi uliopita alikuwa amekwenda kwa Mzee Signali kumposa Anastazia, binti wa mzee, mshenga wake akiwa Beda, na mambo yalikwenda vizuri mpaka Mama Hildegarda, mke wa mzee, alipoleta togwa. Mkono uliozoea kuwahi majani ya mkonge ukawahi na kikombe: wa kushoto ulipokea kabla mwenyewe hajaulizwa. Mzee Signali akautazama mkono ule. Maisha yake yote alipunga kijani kwa kulia na nyekundu kwa kushoto, na kwa akili yake mkwe anayetanguliza kushoto ni ajali iliyo njiani. Hakukataa, alisema atafikiri. Tangu hapo Lupakisyo alikuja kijiweni kila jioni kuangalia kama mzee amemaliza.

Siku hiyo Donati, mwenzao wa kijiweni, alikuwa amerudi. Alikuwa amekwenda pande za Mikumi kumbebea mizigo Mzungu mmoja anayechimba mawe, akarudi na kioo cha kukuza kilichopasuka na jina jipya, Kioo. Hajakaa sawasawa akaliona jiwe lililolala juu ya furushi la Lupakisyo.

— Hilo umelitoa wapi, Shoto?

— Shambani, kwenye mtaro.

Donati akaligeuza kama mtu anayenunua kuku. Lilikuwa la ukubwa wa kiganja, limechongwa pande zote mbili mpaka kingo zikakutana. Akasema ni kazi ya watu wa kale, kabla ya chuma, kabla ya babu wa babu wa yeyote hapo. Mzungu wake hakuhangaika na majina yao. Aliangalia palipochakaa tu. Jiwe lililokwangua ngozi hung'aa kivyake, lililochonga mti hung'aa kivyake, na mikwaruzo huonyesha mkono ulitokea wapi ukaenda wapi.

Lupakisyo alifungua kinywa. Tangu tupa yake ipotee, kisu chake cha mkonge alikuwa akikinolea kwenye jiwe hilohilo. Lakini Donati alikwishaweka kioo jichoni, na mtu mwenye kioo jichoni hakatizwi.

— Mikwaruzo imelala pamoja, akasema Donati. Huyu mtu hakuwa na papara.

— Na aliamka mapema, akadakia Beda.

— Hilo umelionaje? akauliza Kondo.

— Mchelewaji huparuza.

Kuanzia hapo mtu wa kale hakuachwa apumue. Wakaona hakuwa mgomvi, maana jiwe halina pigo la hasira. Kondo akasema lazima alikunywa kitu cha moto, kwa kuwa mkono ulikuwa ukipumzika. Beda akasema watu wale waliishi wameinama, ushahidi uko kwa wahenga, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na walipochoka kuinama walipanda milima ya Vidunda kunyoosha migongo.

Mzee Signali alilichukua jiwe akalipima uzito. Akasema katika reli amewaona watu wengi na vyombo vyao, na anavyotunza mtu chombo ndivyo atakavyotunza nyumba.

— Mtu wa namna hii, akasema polepole, ningempa binti yangu bila kumwuliza ukoo.

Kahawa ikampalia Lupakisyo.

— Isipokuwa, akasema Donati, alikuwa shoto.

Benchi zima likamwangalia Lupakisyo, kisha likaiangalia reli, ingawa hapakuwa na treni. Mzee Signali aliliweka jiwe chini kama kaa la moto.

Beda, ambaye togwa ya siku ile hakuimaliza na bado ilimuuma moyoni, akaona mlango umefunguka. Akatangaza kwamba zamani watu wote walikuwa shoto. Kulia kuliletwa na Mjerumani pamoja na reli. Waliokataa walikimbilia Mikumi, na ndiyo maana tembo wa huko mpaka leo huchimba kwa pembe ya kushoto.

— Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Hawakutaja upi.

— Wahenga wako walikula na nani? akauliza Mzee Signali.

Kondo akamkumbusha kwa adabu kwamba neno la kutoa binti limeshatoka. Mzee akasema alimsemea marehemu. Beda akasema marehemu hana haja ya mke, kwa hiyo neno lazima limwangukie aliye hai.

Lupakisyo aliona njia mbili. Angenyamaza, Anastazia angesogea karibu kwa sifa za mtu mwingine. Lakini siku mzee angemkuta uani ananoa kisu kwa jiwe hilo, sifa zile zingegeuka bendera nyekundu. Akasimama.

— Mzee wangu, huyo mtu ni mimi. Tupa yangu ilipotea. Nimekuwa nikinolea kisu hapo.

Beda alianguka mbele kwa kicheko. Kondo ilibidi aweke birika chini.

— Kwa hiyo nimemsoma Shoto? akauliza Donati.

— Na umemsoma vizuri, akasema Kondo akifuta macho. Kuamka mapema anaamka kweli.

Mzee Signali peke yake hakucheka. Aliliinua jiwe akaligeuza.

— Na upande huu?

— Huo sijaugusa, mzee wangu. Hauna bapa la kunolea.

Donati alirudisha kioo jichoni, safari hii bila mbwembwe. Akachelewa. Mwishowe akasema mng'ao wa huku si wa chuma. Ni wa ngozi, mkuukuu, umeingia ndani ya jiwe, na hapa pana kishimo cha kidole gumba. Mzee akaweka kidole gumba cha kulia: jiwe likamchoma kiganja. Akalihamishia kushoto, likatulia kama kifaranga chini ya mama yake. Akalirudisha kulia upesi.

Hapo akapita Mama Hildegarda na kikapu kutoka sokoni. Wote wakasimama na shikamoo, akaitikia marahaba. Donati akamweleza mbiombio: jiwe moja, watu wawili, wa kale na wa juzi, wote shoto. Mama alisikiliza akimtazama Lupakisyo, aliyekuwa ameuficha mkono mgongoni.

— Huyu wa kwanza, akauliza, alipewa mke?

Donati alichungulia upande mmoja, akachungulia wa pili. Beda alianza, "Mkono mmoja haulei...", akaona hajui methali inaelekea kwa nani, akaiacha. Kondo akainamisha birika, yakatoka mashapo matupu.

— Jiwe halisemi, mama, akasema Donati.

— Basi wa pili tutajua, akasema, akaenda zake.

Mzee Signali alilifuta jiwe vumbi. Kisha akanyoosha mkono wenye jiwe kuelekea mwisho wa benchi, juu ya magoti ya Beda na Donati. Mwezi mzima Lupakisyo alikuwa amejizoeza kupokea kwa kulia. Mkono wa kushoto ukawahi.

Benchi zima liliona. Mzee hakulirudisha nyuma. Aliliweka jiwe katika kiganja kile, akalisukuma kidogo mpaka likapata mahali pake.

— Jumapili, baada ya misa, uje na mshenga wako, akasema. Na utafute tupa. Hilo jiwe lina mwenyewe.