Évariste Cirhuza Namegabe, Msomaji wa Vitabu vya Wagiriki (1961–2019)

Ndugu, jamaa na marafiki, asanteni kwa kufika. Mimi ni Alexis, mdogo wake marehemu. Familia imeniomba niwasomee maisha yake.

Évariste Cirhuza Namegabe alizaliwa tarehe 14 Aprili 1961 huko Kabare, Kivu ya Kusini, mtoto wa kwanza wa mzee Namegabe na mama Nsimire. Alisoma shule ya msingi hapohapo, kisha akaingia seminari ndogo, ambako padre mmoja alimfundisha Kilatini na Kigiriki. Upadre haukuwa wito wake. Wito wake ulikuwa Kigiriki.

Kuanzia mwaka 1984 alifundisha lugha hizo katika sekondari moja ya Bukavu. Tarehe 5 Agosti 1989 alimwoa Célestine, mshonaji wa nguo. Vita vilipoingia mjini Oktoba 1996, marehemu alisimama mbele ya kabati lake la vitabu asijue aanze na kipi. Célestine akamtia mikononi Victoire, binti yao wa miaka mitatu.

"Beba huyu," alimwambia. "Vile havilii."

Marehemu akafunga mlango, wakakimbia, na vitabu vile hakuviona tena.

Walifika Johannesburg mwaka 2001, wakapanga chumba mtaa wa Berea, baadaye mtaa wa Bellevue. Mwaka 2003 mwalimu akawa mlinzi wa mlangoni kwenye maktaba ya chuo kikuu mtaani Braamfontein. Kwa miaka kumi na miwili alisalimia wanafunzi na kukagua mikoba yao. Wachache walijua jina lake.

Machi 2015 maktaba ilikuwa ikitoa masanduku ya vitabu vya zamani ili viuzwe mnadani. Dokta Kemunto, mwalimu wa historia kutoka Kenya, ambaye yuko nasi hapa leo, alipita mlangoni na kitabu kimoja cha masanduku hayo, kilichobandikwa karatasi: "Kirusi, dini." Marehemu alikifungua ili akikague, akafunua kurasa moja moja hadi mwisho.

"Dokta, hiki si Kirusi. Ni Kigiriki, tena kimeandikwa kwa mkono."

"Umejuaje, mzee?"

Akamsomea ukurasa wa mwisho palepale, foleni ikirefuka nyuma yao. Mnakili alieleza kwamba alikimbia Konstantinopoli mji ulipotekwa na Waturuki, na kwamba alikinakili kitabu hicho Krete mwaka 1471, kwa ajili ya tajiri mmoja wa Venisi aliyekuwa akikusanya maktaba. Aliomba asamehewe makosa, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamechoka.

Mnada ulisimamishwa. Msimamizi wa walinzi akamwandikia marehemu barua ya onyo kwa kuchelewesha foleni, naye akaitia saini. Maktaba ilitaka kumwajiri asome vitabu hivyo, lakini karatasi zake za ukimbizi zilikwamisha ajira hiyo mwaka mzima. Dokta Kemunto aliandamana naye hadi ofisi za wakimbizi Pretoria mara nne. Juni 2016 hatimaye aliketi ndani ya maktaba, kwenye meza yake, akiandaa orodha ya vitabu vyote vya Kigiriki vya zama zile, vya mkono na vya mitambo ya kwanza ya chapa huko Venisi. Hakuwa mpole pale. Aliyelamba kidole ili afunue ukurasa alitolewa nje, hata awe profesa.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2018. Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, na siku zilizobaki alikwenda kazini. Tarehe 7 Juni mwaka huu, Dokta Kemunto alimletea hospitalini orodha iliyochapishwa, jina la marehemu likiwa kwenye jalada. Sote tulimtazama tukidhani atalia. Akasoma hadi ukurasa wa nane, akaomba kalamu.

"Hapa pamekosekana alama," alisema, akaiweka mwenyewe. "Wengine wataamini tulichochapisha."

Alifariki Jumapili, tarehe 9 Juni 2019, saa nne asubuhi, Célestine akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Célestine, watoto watatu, Victoire, Hénock na Shekinah, mjukuu mmoja, dada wawili walioko Kabare, nami mdogo wake.

Kaka, kazi umeimaliza vema. Mungu akupokee, nawe upumzike kwake kwa amani.