Bwana Shamba Noa na Nyota ya Jukwaani

Marehemu Noa Shekiondo alizaliwa Mkuzi, Muheza, tarehe 14 Machi 1958. Alisoma Shule ya Msingi Mkuzi, kisha chuo cha kilimo Mlingano, akahitimu mwaka 1980. Tangu hapo hadi alipostaafu mwaka 2018 alikuwa bwana shamba. Mwaka 1984 alifunga ndoa na Anjela, Mungu akawajalia Brightness na Bryson.

Kustaafu kulimkalia vibaya. Brightness akamwingiza kwenye jukwaa la wakulima mtandaoni, akawa anajibu maswali. Mwezi wa nne tangu aingie alipewa nyota ya Mshauri Bora, ikakaa kando ya jina lake, na kila mgeni aliyefika nyumbani alionyeshwa. Lakini nyota ile ilishindaniwa upya kila mwezi. Ukizidiwa majibu, inahamia kwa mwenzio. Marehemu hakutulia tena. Chakula kilipoa, simu iko mkononi.

"Baba Brightness, unakimbizwa na nani?" mkewe alimuuliza.

"Kuna kijana wa Lushoto, amebakiza majibu matatu anifikie."

Juni 2023, Bi Hasina wa Pongwe alituma picha ya majani ya mchungwa yaliyopiga manjano. Marehemu aliitupia jicho mara moja, akajibu kwamba ugonjwa huo hauna dawa, akate miti yote. Watu tisini walimshukuru. Kesho yake aliitazama tena, akaona kosa lake: manjano yalilingana pande zote mbili za jani, ilhali ugonjwa ule huyaacha bila kulingana. Huenda udongo ulipungukiwa madini ya zinki tu, jambo linalotibika kwa mbolea. Alipiga simu, haikupokelewa. Akapanda gari la Pongwe, njia nzima akiomba shoka liwe halijanolewa.

Alikuta visiki vinne.

"Sita nimebakisha, bwana shamba," alisema Bi Hasina. "Mikono ilikataa. Aliipanda mume wangu kabla hajafa."

Aliomba radhi palepale, akaandika kosa lake jukwaani, akataka nyota iondolewe. "Nilikuwa nahesabu majibu," alimwambia mkewe, "majani sikuyatazama." Alikwenda Pongwe kila mwezi, hadi ile sita ikazaa.

Januari 2025 figo zilianza kushindwa. Wiki ya mwisho alihangaika na swali la mkulima wa Kigombe kuhusu minazi: limejibiwa? Halikuwa limejibiwa. Brightness alimsomea, naye akamwambia aandike: "Sijui, ndugu yangu. Mtafute bwana shamba wa karibu, mti uonwe." Alifariki Jumanne, 9 Septemba 2025.

Ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watano. Bwana ampe Noa wetu utulivu.