Waya wa Binti wa Koili

Siku ile benchi la mbele ya karakana ya Koili halikuwa na kelele zake. Koili, fundi wa kusuka nyaya za mota, alikuwa amemzika bintiye wiki tatu nyuma, na chuo binti alikofanyia utafiti kilitaka baba asimame kesho aseme maneno mawili kuhusu kazi ya marehemu. Walimpa karatasi moja ya kumsaidia. Alikuwa akiisoma tangu kikombe cha kwanza cha kahawa, na kila akiisoma moyo ulizidi kuwa mzito. Miaka thelathini kwenye umeme, na haambulii kitu!

— Soma tena, alisema Breki, dereva wa lori.

— “Waya mwembamba kuliko unywele mara maelfu. Elektroni hupita bila kugongana. Ukiupanua, mkondo hauongezeki kidogokidogo. Hupanda kwa ngazi.”

— Hapo rahisi. Mwenda pole hajikwai. Zinatembea taratibu, basi.

— Wewe na lori lako! alidakia Pindo, fundi cherehani. Ni tundu la sindano hilo. Ukilipanua kidogo, bado uzi ni mmoja. Mpaka litoshe nyuzi mbili, ndipo wa pili unapita. Ngazi hiyo!

Koili akainua kichwa. Kidogo ilimwingia akilini.

— Ila uzi wenyewe si uzi, Pindo akaongeza, akichungulia karatasi. Hapa wameandika ni wimbi.

— Wimbi la nini?

— Wimbi tu, kaka. Penye nia pana njia. Elektroni ikitaka kupita, inajigeuza.

— Basi hata ukuta inapenya, alisema Breki.

— Inapenya!

— Hata udongo? Si ajabu hata huko aliko mtoto wetu...

Pindo akamkanyaga mguu. Breki akainamia kahawa yake.

Dada mmoja mgeni, aliyefuata feni yake, alikuwa amesimama pembeni akisikiliza.

— Shikamoo, baba. Pole na msiba. Kwani marehemu mwenyewe alikuwa anakuelezaje?

Wote wakamgeukia Koili. Alikumbuka simu moja aliyopigiwa, sauti ya binti imejaa furaha: “Baba, waya wangu ni mwembamba mpaka...” Naye akamkatiza papo hapo: waya mwembamba unaungua, mwanangu, ongeza unene, umeme mimi ndiye niliyekufundisha. Binti akacheka kidogo. Hakuligusia tena jambo hilo.

Koili akaikunja ile karatasi.

— Sikumwacha amalize, alisema. Akageuza maneno, akaniuliza goti langu linaendeleaje.